Mzee Nicodemo Akonaay: Miaka Thelathini na Mitano, na Jumamosi Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mzee Nicodemo Akonaay, fundi mkuu wa karakana ya Shirika la Maji Bondeni, anamaliza utumishi wa miaka thelathini na mitano. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1990. Umri wake wa kustaafu kwa lazima ulikuwa haujafika, bado mwaka mmoja. Ameomba mwenyewe kuondoka mapema, na ombi lake limekubaliwa baada ya kukataliwa mara mbili.

Kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu, nilikwenda kwake Maretadu kuomba ruhusa. Mimi ni Kissa, mtunza stoo wa karakana, na nimefanya kazi naye miaka kumi na sita. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza nilichofuata. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi.

"Andika," akasema. "Lakini uandike yote. Usinipambe kama maiti."

Kwa hiyo ndugu watumishi, mtakaposhika kijitabu hiki ukumbini, mjue kwamba yaliyomo yameandikwa kwa idhini yake, na kwa idhini ya binti yake Violeth.

Mzee Nicodemo alizaliwa Maretadu mwaka 1966, mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage. Alifika kwetu Haydom kuomba kazi ya kuosha magari, amevaa mabuti ya mvua aliyoazima kwa mjomba wake. Wakati anasubiri kuitwa ndani, pikapu ya shirika ikapita uani. Meneja wa wakati huo alipotoka, kijana akamwambia kwa adabu kwamba gari lile linakohoa upande mmoja. Meneja akacheka, lakini boneti ikafunguliwa. Panya alikuwa ametafuna waya mmoja wa plagi. Nicodemo aliosha magari siku moja tu. Siku ya pili alipewa ovaroli.

Kuanzia hapo historia yake ni historia ya visima vyetu. Hakuna kisima kilichochimbwa kutoka Maretadu mpaka Nangwa ambacho gari la kukichimba halikupita kwanza mikononi mwa Mzee. Katika mvua kubwa za mwaka 1998, lori la kuchimbia lilikwama ng'ambo ya Nangwa, gasketi ya pampu ya maji imekatika, na hakuna duka lenye kipuri hicho karibu. Mzee alikata boksi la mabuti kwa wembe, akalipaka grisi, akalifunga. Lori lilirudi lenyewe mpaka karakana, na gasketi ile ya boksi ilifanya kazi wiki tatu zaidi kwa sababu kila mtu alisahau kuibadilisha.

Kisha kuna kisa cha spana ya kupimia. Mhandisi mmoja kutoka Dar es Salaam alituletea spana yenye mshale, inayoonyesha nati imekazwa kwa nguvu kiasi gani, akasisitiza kwamba kukaza kwa hisia ni mambo ya kizamani. Mzee hakubisha. Alikaza nati tatu kwa mkono wake, akamkaribisha mhandisi azipime. Mshale ulisimama palepale panapotakiwa, mara tatu. Tangu siku hiyo spana ile imetundikwa ukutani kama picha ya harusi.

Alifundisha mafundi kumi na tisa. Wengine wana gereji zao Katesh na Babati. Alikuwa mkali kwa vijana wanaopita bila kumwamkia mtu mzima, na mkali zaidi kwa fundi anayetupa spana chini. Lakini mimi nilipohamishiwa huku mwaka 2009, nikitokea Rungwe na nikijidai kwamba baridi naijua, ni yeye aliyenikuta stoo nikitetemeka asubuhi ya Julai. Kesho yake alinitengenezea jiko la mkaa kutokana na kasha la filta ya hewa ya lori. Sikuwa nimemwomba. Liko chini ya meza yangu hadi leo.

Na ni yeye aliyeanzisha sheria ya mkono wa pili. Kila gari likimaliza huduma, mtu mwingine asiyelifanyia kazi ni lazima aingie chini na kushika kila nati iliyofunguliwa, hasa ile ya kumwagia oili, ambayo mafundi wetu huiita nati ya chini. Aliandika kwa herufi zake kubwa kwenye karatasi na kuibandika ukutani: MKONO MMOJA HUSAHAU. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna gari letu hata moja lililopoteza oili njiani. Watu walidhani ni bahati.

Sasa niandike ile Jumamosi.

Mwaka 2019 Mzee alinunua Noah ya rangi ya fedha, gari la viti saba, kwa ajili ya familia. Lilikwenda kanisani, mashineni, kwenye misiba, na mara nyingi hospitali, kwa sababu Maretadu gari la jirani ni gari la kijiji kizima. Oili yake hakuimwaga karakana hata siku moja. Alisema kifaa cha shirika ni cha shirika. Alijenga uani kwake njia mbili za mawe na saruji, fupi, zilizoinuka kiasi cha mtu kulala chini yake, na kila kilomita elfu tano alipandisha Noah pale na kumwaga oili mwenyewe. Oili chafu aliipaka nguzo za uzio ili mchwa wasizile.

Mwezi Machi mwaka jana Violeth, binti yake mkubwa, alikuja nyumbani kujifungua. Violeth ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nangwa, na mumewe Reginald ni mwalimu pia, mwenyeji wa Rombo. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika wiki ya thelathini na saba, na kliniki walimwambia asithubutu kujifungulia nyumbani wala zahanati. Aende hospitali kubwa mapema, akakae karibu asubiri siku yake. Familia ikapanga kwamba Jumatano Mzee atampeleka. Kwa sababu ya safari hiyo, Jumamosi iliyotangulia aliamua kumwaga oili, ingawa kilomita zilikuwa bado.

Alipasha injini moto dakika kumi. Akalala chini na spana namba kumi na nne, akafungua nati ya chini, akakinga oili kwenye dumu lililokatwa. Akabadilisha filta. Oili ilipoisha kudondoka aliifuta nati kwa kitambaa, akaivisha washa mpya, ile pete ya kuzuia oili isivuje, akaanza kuirudisha kwa vidole, kama alivyotufundisha sote: kwanza vidole, spana baadaye, ili meno yasiharibike.

Simu ikalia. Ilikuwa ndani ya koti lake, limetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Mkewe, Mama Marieta, aliitazama.

"Baba Violeth, simu. Ni ya kazini."

Akatoka chini ya gari akaongea. Aliporudi alinawa mikono, akachukua galoni la oili mpya, akamimina, akawasha injini, akachungulia chini. Hakuna hata tone. Akachomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa kwenye alama. Akashusha gari taratibu, akamwita Violeth aje asikie injini ilivyo laini.

Spana namba kumi na nne ilikuwa bado chini, kati ya yale mawe. Nati ilikuwa imekazwa kwa vidole tu.

Jumapili walikwenda kanisani na gari lile. Jumatatu mvua ilinyesha kutwa, uani pakawa tope tupu, na kama kulikuwa na matone ya oili, nani angeyaona? Jumanne saa sita mchana Violeth aliinuka kitini akamwita mama yake. Damu ilikuwa inatoka, nyingi, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Hawakusubiri kufunga mizigo. Mama Marieta alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha Violeth mapajani mwake, na Mzee akaendesha.

Barabara kutoka kwao hadi Haydom, ikiwa kavu, haimalizi saa moja. Siku ile ilikuwa mashimo na maji. Mahali fulani kwenye mitikisiko ile nati ilianguka. Hatujui ni wapi. Mzee amelitafuta eneo lile kwa miguu siku nne, na hakuiona.

Kilichofuata nimesimuliwa na Mama Marieta. Anasema aliona mwanga mwekundu kwenye dashibodi, katikati ya viti viwili.

"Baba Violeth, ile taa ni ya nini?"

"Ni taa tu," Mzee akasema.

Hakuna mtu katika wilaya hizi mbili, Mbulu na Hanang, aliyejua maana ya taa ile kuliko yeye. Taa ya oili ikiwaka, unazima injini palepale ulipo. Amewafukuza madereva wawili kazini kwa kuendelea kuendesha na taa ile imewaka. Lakini nyuma yake binti yake alikuwa anauma kitambaa ili asipige kelele, na mbele palikuwa porini, hakuna nyumba. Aliniambia baadaye kwamba alifanya hesabu. Akizima, injini itapona na wao watabaki pale. Asipozima, huenda injini ikampa kilomita tano, huenda kumi. Ilimpa nne. Kwenye mwinuko mmoja ikaanza kugonga kama mtu anayepiga debe, halafu ikanyamaza.

Mtandao haukushika pale. Mzee alikimbia akipanda mlima, mtu wa miaka hamsini na nane, mpaka akapata alama moja ya mtandao, akanipigia.

"Kissa, nitumie gari. Gari langu limekufa. Violeth anatoka damu."

Niliita dereva wetu, Godlisten, naye aliondoka kabla sijamaliza sentensi. Lakini mbele ya ule mwinuko kuna korongo, na siku hiyo lilikuwa limejaa. Godlisten alifika ukingoni akasimama, maji ya kifua. Upande wa pili, mbali kidogo, Violeth alikuwa amelala ndani ya Noah. Walikaa hivyo saa moja na nusu, gari zima upande huu na mgonjwa upande ule.

Aliyewavusha ni dereva wa fuso lililobeba magunia ya mahindi, likitokea nyuma yao. Kwenye kabini kulikuwa na mama mmoja muuza maharage. Alishuka kwenye tope bila kuambiwa, akawapisha Violeth na mama yake. Nafasi ya mtu mwingine haikuwepo. Mzee alishika mlango wa kabini, akatembea nao hatua chache, akauachia. Fuso likaingia kwenye korongo taratibu, likavuka, na Godlisten akampokea Violeth upande wa pili. Walifika hospitali saa tisa alasiri.

Violeth alipona. Alifanyiwa upasuaji, akaongezewa damu, akapona. Mtoto alikuwa wa kike, kilo mbili na nusu na zaidi. Alizaliwa hana pumzi. Daktari hakusema kama ule muda wa njiani ungebadilisha chochote, kwa sababu damu ya namna ile wakati mwingine humaliza kila kitu kwa nusu saa. Mzee hakumuuliza. Hajamuuliza mpaka leo.

Maji yalipopungua, saa kumi na moja jioni, Godlisten alirudi kumchukua. Alimkuta ameketi kando ya barabara, mikono ina tope na oili hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameshaingia chini ya gari.

"Violeth?" akauliza kwanza.

"Yuko hai, Mzee."

"Na mtoto?"

Godlisten ni kijana mwenye maneno mengi, wote mnamjua. Alitazama barabara. Mzee akaitazama mikono yake.

"Godlisten, sikukaza," akasema. "Nati sikuikaza."

Walimzika mtoto kesho yake Maretadu, upande wa chini wa ua wa babu yake, watu wachache. Reginald alifika na basi kutoka Katesh, akamsalimia baba mkwe kwa shikamoo kama kawaida, kisha akachukua chepe. Violeth alikuwa bado wodini.

Baada ya wiki mbili Mzee alirudi kazini. Siku moja wakati wa chai alitueleza mpangilio wa mambo yote ya ile Jumamosi, polepole, kama anavyoeleza hitilafu ya gari. Alipofika mahali pa simu, alisema tu kwamba simu ya kazini ililia akaenda kuongea. Hakutaja ni ya nani. Nilitoka nje nikafungua simu yangu, nikarudi nyuma hadi tarehe ile. Jumamosi, saa nne na dakika kumi, nimempigia Mzee Nicodemo. Dakika kumi na moja.

Nilimpigia kumuuliza filta za Landkruza ziko kwenye boksi gani. Zilikuwa kwenye rafu mbele ya uso wangu, na niliziona tukiwa bado tunaongea. Tulicheka. Kisha nikamuuliza habari za Violeth, akaniambia kwamba karibuni atakuwa babu, na tukaongea hayo kwa dakika zilizobaki. Ilikuwa furaha. Nimeandika hili kwa sababu alisema niandike yote.

Nilimfuata karakana nikamwambia. Nilikuwa nalia. Yeye alikuwa anafuta mikono.

"Simu haikazi nati, Kissa," akasema. "Wala hailegezi. Rudi stoo."

Najua alitaka kunipunguzia mzigo. Haukupungua, na wa kwake haukupungua pia.

Tangu hapo mikono ile haikuwa tena mikono yake. Nguvu zilikuwepo, hakutetemeka wala hakuona vibaya. Alikaza nati, akaondoka, akarudi kuikaza tena. Gari lililokuwa likichukua saa mbili lilichukua kutwa. Mwezi Juni alikaza nati ya chini ya pikapu mpaka meno yakaliwa, sampu nzima, lile bakuli la oili chini ya injini, ikabadilishwa. Mwezi Agosti gari la wachimbaji lilikuwa linatoka getini kwenda Nangwa, yeye akalikimbilia akipunga mikono, akalala chini yake kwenye maji ya mvua iliyonyesha bila msimu, akashika kila kitu. Kila kitu kilikuwa sawa. Wachimbaji walimtazama akisimama, ovaroli inachuruzika. Mtu huwa anacheka kidogo katika hali kama ile. Hakuna aliyecheka.

Asubuhi moja alikwenda kwa meneja wetu, Bwana Maximilian, akamwomba aibandue ile karatasi yake ukutani.

"Sistahili kuwa nimeiandika," akasema.

"Mzee, karatasi haijasema uongo," meneja akamjibu, na akakataa kuibandua.

Judith ndiye aliyekuwa naye karibu zaidi katika kipindi hiki. Judith ni fundi wa kwanza wa kike kufundishwa na Mzee, na kuanzia Julai ndiye fundi mkuu wetu mpya. Kila gari ambalo Mzee aligusa, Judith aliingia chini baada yake.

"Imekaza, Mzee. Nimeshika."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Shika tena."

Alishika tena. Wakati mwingine mara nne, mara tano. Hakuwahi kumjibu kwa hasira, na namshukuru kwa hilo mbele ya watumishi wote. Lakini mwezi Januari Mzee alimrudishia spana katikati ya kazi, akamwambia amalizie yeye, akaenda ofisini kuandika barua. Barua ina mstari mmoja wa sababu: "Sijiamini tena, na gari la maji hubeba watu."

Tulimbembeleza. Tulimwambia kwamba kusahau ni kwa binadamu, kwamba miaka thelathini na mitano haifutwi na nati moja, kwamba Mungu ana mipango yake. Alisikiliza yote kwa heshima. Hili la mwisho tu alilijibu. Alisema Mungu asisingiziwe kazi ya fundi.

Violeth amerudi Nangwa, anafundisha darasa la tatu. Hajafika Maretadu tangu atoke hospitali. Nilimtembelea mwezi uliopita nikiwa na rasimu ya maandishi haya, kwa sababu sikuona haki kuchapisha habari za mtoto wake bila yeye kuzisoma. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Nilimuuliza kama ana hasira na baba yake.

"Sina hasira, Dada Kissa," akasema. "Watu wanadhani nina hasira. Mama anadhani. Mimi nikimwona baba, nasikia tu ile injini ikinyamaza. Nikisikia sauti yake kwenye simu, ni vilevile. Sasa nifanyeje? Nikae pale mezani kwake nasikia hivyo?"

Nilimwachia karatasi nikaondoka na basi la saa nane.

Jumapili iliyopita nilikwenda Maretadu kumsomea Mzee yote mliyosoma hapo juu. Mama Marieta alikaa nasi. Nilisoma polepole. Nilipomaliza, Mzee aliuliza swali moja tu.

"Violeth ameisoma?"

"Ameisoma."

"Amesema nini?"

Nilitoa simu. Violeth alikuwa amenitumia ujumbe siku mbili kabla, na niliubeba mpaka pale nikiuogopa. Nikausoma kama ulivyo: "Dada, hakuna kilichokosewa. Ila umeandika mtoto, mtoto, kama hana jina. Tulimwita Letisia. Andika Letisia. Mwambie na baba, maana hatukuwahi kumwambia."

Hapakuwa na neno zaidi ya hilo. Mama Marieta alijifunika uso kwa kanga. Mzee alikuwa anatazama miguu yake.

"Letisia," akasema.

Akaniuliza linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, naye akawa anazifuatisha kwa kidole kwenye vumbi la baraza, herufi kubwa, taratibu, mpaka jina likakamilika. Kuku mmoja alikuja upande ule, akamfukuza kwa mkono ili asilikanyage.

Kwa niaba ya Shirika la Maji Bondeni, madereva, wachimbaji, mafundi kumi na tisa, na watu wote wa Mbulu na Hanang wanaochota maji mahali ambapo gari lako lilifika: asante, Mzee Nicodemo. Ulitufikisha, mwaka baada ya mwaka, na hatukuwahi kukuambia vya kutosha tulipokuwa bado tunaweza kukufurahisha.

Tumezoea kuwatakia wastaafu wetu mapumziko mema. Wewe hatujui kama utapumzika, na hatutakudanganya kwenye karatasi uliyotuomba iseme kweli. Tunakutakia usingizi, hata wa saa chache. Tunakutakia mvua ya kutosha shambani na Mama Marieta mwenye afya. Na siku ambayo Violeth ataweza kuketi na wewe, hata kama atakaa kimya, hata kama ni kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, tunakutakia uwe hai siku hiyo.